Majaketi okozi matatu kwenye boti moja ya dagaa: tathmini baada ya miezi mitano

Boti yangu ya dagaa huondoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na watu wanne kila jioni ya giza, yaani zile siku za mwezi ambazo mbalamwezi haipo na taa zetu ndizo zinazowavuta dagaa juu ya maji, nayo hurudi mwaloni kunapopambazuka. Kwa miaka mingi ilikuwa na majaketi okozi manne ya rangi ya chungwa, yaliyosukumwa chini ya ubao wa mbele pamoja na kopo la kuchotea maji na kamba za akiba. Mkaguzi alipofika yalitolewa, yakahesabiwa, yakarudishwa mahali pake. Sikuwahi kumwona mtu hata mmoja akiyavaa, na nikisema kweli, mimi mwenyewe sikuwahi kuyavaa.

Usiku mmoja kijana wangu wa mashine aliteleza akaanguka majini wakati wenzake wanavuta wavu. Tulimpata upesi kwa sababu taa zilikuwa zinawaka na upepo ulikuwa umelala, lakini jaketi lake lilikuwa hatua tatu tu kutoka alipoangukia, limekaliwa na ndoo. Asubuhi yake niliamua kwamba sitanunua tena jaketi kwa kuangalia rangi na bei peke yake. Nilinunua ya aina tatu tofauti, nikayajaribu ufukweni kwanza, kisha yaliyofaa nikayapeleka kazini, kwa jumla miezi mitano. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyaona. Majina ya watengenezaji na ya maduka nimeyaacha, kwa kuwa aina hizi tatu zinauzwa na watu wengi, na msomaji atazitambua kwa umbo lake.

Kabla ya kuyafikia majaketi yenyewe, ni vizuri msomaji aelewe namba inayoandikwa kwenye lebo, maana ndiyo inayosema zaidi kuliko maneno yote ya muuzaji. Nguvu ya kuelea hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni sawa na kuinua takriban kilo moja. Viwango vinavyotumika kimataifa ni 50, 100, 150 na 275. Jaketi la 50 ni la mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na nchi kavu na karibu na wa kumsaidia. La 100 ni la maji yaliyokingwa. La 150 ni la maji ya wazi na mawimbi, na la 275 ni la bahari chafu na la mtu aliyevaa mavazi mazito au kubeba vifaa. Mwili wa mtu mzima ukiwa ndani ya maji huwa na uzito wa kilo chache tu, pengine 4 au 5, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kilo 10 za kuinua ni za nini. Ni za kukiinua kichwa chote kikae juu ya wimbi, na hasa ni za kumgeuza chali mtu aliyepoteza fahamu, ili mdomo na pua vitazame mbingu. Hapo ndipo jaketi linapotofautiana na dumu tupu. Dumu litakusaidia ukilishika, na likikuponyoka limekuacha.

Jaketi la kwanza ndilo ambalo wengi wetu tunalo. Ni la rangi ya chungwa, lina mapande mawili manene kifuani, kola ndogo, na kamba mbili za kufunga mbele. Lebo yake iliandikwa 100 N kwa herufi kubwa, bila jina la mtengenezaji wala mwaka. Bei yake ilikuwa theluthi moja ya lile la pili.

Kulipima hakukuhitaji maabara. Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa wakala wa sangara, nikapima vipande vya nondo, nikavifunga kwa kamba fupi kwenye mikanda ya jaketi. Nondo nilizichagua kwa makusudi. Jiwe likizama hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, lakini chuma hupoteza takriban sehemu moja kati ya nane tu, kwa hiyo hesabu yake haisumbui: jaketi la nyutoni 100 za kweli linapaswa kubeba nondo za kilo 11 na nusu, au pungufu kidogo, bila kuzama. Nililikandamiza jaketi chini ya maji kwanza ili hewa iliyonaswa kitambaani itoke, kisha nikaliachia. Kwa kilo 5 lilielea. Kwa kilo 7 lilishuka polepole mbele ya macho yetu, kola ikiwa ya mwisho kupotea, na watoto waliokuwa wanatazama wakacheka.

Nililifunga kwenye gati ya mbao likae majini usiku mzima na mchana uliofuata. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka jaketi likikaa saa 24 ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake ya kuelea. Hili langu siku ya pili lilizama kwa kilo 5. Nilipolining'iniza lilichuruzika maji kama godoro lililonyeshewa, na nilipolipasua kwa kisu cha samaki nikajua sababu: ndani hamkuwa na povu gumu lenye vishimo vilivyofungwa ambavyo maji hayaingii, bali vipande vya sponji ya kawaida, vingine vikiwa na gundi ya kazi ya zamani. Sponji ya namna hiyo huelea ikiwa kavu, ikishanywa maji imekwisha. Si ulaghai wa kwetu peke yetu. Mwezi Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walikamata majaketi bandia 1,263 yaliyokuwa yanatengenezwa kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakivuka kwenda Ugiriki, nayo yalijazwa vitu vya kufungashia mizigo badala ya povu la kuelea.

Utepe wake unaong'aa pia ulikuwa wa urembo. Nililitundika kwenye mti usiku, nikalimulika kwa tochi kutoka hatua hamsini. Utepe wa kweli huurudisha mwanga machoni mwa anayemulika kama jicho la paka, ila huu ulibaki kijivu. Filimbi haikuwepo. Muuzaji nilipomrudishia mabaki alisema bidhaa ikishatumika hairudishwi, jambo ambalo linanifanya nijiulize jaketi okozi litajulikana vipi kuwa bovu kabla ya kutumika. Alama ninayolipa ni sifuri. Najua wapo watakaosema ni kali mno kwa kitu kilichobeba kilo 5 siku ya kwanza, lakini kitu kinachokudanganya kwamba umekingwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Jaketi la pili ni la povu gumu, nyutoni 100, lenye mapande membamba yaliyopangwa kwa vipande vipande kifuani, kola inayokunjika shingoni, zipu, vifungo viwili vya plastiki vya kubana, na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Lebo yake ya ndani ilieleza kiwango kilichofuatwa, uzito wa mvaaji, kipimo cha kifua na mwezi lilipotengenezwa. Katika maji lilibeba nondo za kilo 11 na nusu huku ncha ya kola ikiwa bado juu, likabeba hizohizo baada ya saa 24, na ilibidi nifike kilo 12 na nusu ndipo lizame.

Kisha nililivaa mwenyewe, nikajitosa. Mara ya kwanza niliuacha ule mkanda wa miguuni bila kuufunga, kwa kuwa nilitaka kujua kama ni wa lazima au ni pambo. Nilipofika majini jaketi lilipanda mpaka masikioni, kidevu changu kikazama ndani yake, nikawa naona zipu mbele ya pua na kumeza maji kila wimbi dogo lilipopita. Mwenzangu alinishika mabegani akanyanyua, na jaketi likataka kutoka lote kichwani. Mara ya pili niliufunga, nikajiachia kifudifudi na mikono ikiwa imelegea. Lilinigeuza, ingawa si kwa haraka niliyoitarajia. Nilihesabu mpaka sita. Jaketi la nyutoni 150 lingenigeuza kwa uhakika zaidi, na kwa anayevua mbali na visiwa ndilo ninalomshauri akilipata. Ila mkanda huo wa miguuni ndio wa kuuangalia kwanza dukani. Jaketi bora lisilo na mkanda huo, au lililo nao na haufungwi, humtoka mtu majini kama soksi kubwa.

Hayo ni ya ufukweni. Kazini mambo ni mengine, na hapo ndipo majaketi mengi mazuri huishia chini ya ubao. Kuvuta wavu wa dagaa ni kazi ya kuinama na kurudisha viwiko nyuma mara mamia kwa usiku mmoja. Jaketi nene la mbele humzuia mtu kuinama, na vifungo vyake hunasa macho ya wavu. Nilipowapa vijana wangu yale ya zamani wakati nasubiri mapya, mkubwa wao aliniambia, "Tajiri, hili boya linanifanya kama mjamzito wa miezi tisa, wavu siuoni." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Hili la pili limekatwa fupi kiunoni, tundu za mikono ni pana, na vifungo vimefichwa chini ya ulimi wa kitambaa. Katika wiki mbili za kwanza wavu ulinasa mara moja tu, kwenye kamba ya filimbi, tukaifupisha.

Lakini kilichowafanya walivae si hotuba yangu wala ule usiku wa mwenzao kuanguka, ambao baada ya siku kumi walikuwa wameshaugeuza kuwa kichekesho. Ni baridi. Anayelijua Ziwa Victoria kwa mchana tu hawezi kuamini, lakini saa tisa za usiku, mtu akiwa ameloa mikono na kifua, hutetemeka, na kila mvuvi huwa na sweta au koti kuukuu. Povu lile la jaketi huhifadhi joto kuliko sweta lililoloa. Mwezi wa pili niliona kwamba sweta zimebaki kambini, na majaketi yanavaliwa tangu boti inaposukumwa. Nimekuwa nikisikia kampeni nyingi za usalama majini zikimwambia mvuvi habari za kifo, naye kifo anakijua. Hakuna hata moja niliyoisikia ikimwambia kwamba jaketi litampa joto. Mchana wa jua kali hali hugeuka, wanalivua wote, na hilo sijalipatia dawa. Sisi hatutoki mchana, lakini wavuvi wa nyavu za sangara wanaokagua nyavu zao saa tano watalilalamikia jaketi hili, na watakuwa na haki.

Kasoro zake ni mbili. Filimbi iliyokuja nalo ina punje ndani, nayo ikijaa maji hutoa pumzi tu bila mlio, kwa hiyo nimebadilisha zote nikaweka za bapa zisizo na punje. Ya pili ni taa: halina, lina kitanzi tu cha kuitundika. Kwa kazi ya usiku taa si anasa, maana mtu aliyeanguka hatua mia kutoka kwenye boti yenye taa kali haonekani kabisa; macho ya walio botini yameshazoea mwanga, na nje ya duara la taa yote ni weusi. Hapo utepe wa kuakisi husaidia ukimulikwa, na huu wa jaketi la pili uliwaka vizuri kwenye mti wangu kutoka hatua hamsini na hata kutoka mia.

Jaketi la tatu ni lile la gesi, ambalo wageni wanaokuja kuvua kwa ndoano kwa starehe huvaa. Ukilitazama ni mkanda mpana tu shingoni na kifuani, mwepesi kiasi kwamba unasahau umelivaa. Ndani yake kuna mfuko uliokunjwa na mtungi mdogo wa gramu 33 za kaboni dayoksaidi. Ukianguka majini kidonge fulani huyeyuka, springi inafyatuka, sindano inatoboa mtungi, na mfuko unajaa kwa sekunde chache. Likishajaa linatoa zaidi ya nyutoni 150. Nilipojitosa nalo liligeuza mwili wangu kabla sijafikiri la kufanya, na kwa kweli hakuna jaketi lililonishika vizuri kama hili.

Hata hivyo silitaki kwenye boti ya dagaa. Usiku wa nne tangu tulitumie mvua ilinyesha, wavu ukatiririsha maji juu ya mvaaji, na jaketi likafyatuka lenyewe kifuani kwake katikati ya kazi. Alirukia nyuma akidhani mashine imepasuka. Kuanzia hapo lilikuwa mfuko mtupu, kwa sababu mtungi ni wa kutumika mara moja, nao hapa kwetu haupatikani. Ziko aina zinazofyatuka kwa kuvuta kamba tu, na nyingine zinazosubiri mgandamizo wa maji badala ya kidonge, ambazo zingestahimili mvua, lakini tatizo la mtungi linabaki palepale. Tena mfuko ule unaishi kati ya visu, ndoana na misumari ya mbao. Kwa afisa wa doria mwenye stoo ya vipuri, au kwa mgeni anayekaa kwenye kiti akisubiri sangara, ni chombo kizuri sana.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: jaketi limetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye nje ya chombo. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wengi walinaswa ndani. Mtu aliyevaa jaketi la povu chini ya paa la chombo kilichopinduka husukumwa juu dhidi ya sakafu, ambayo sasa ndiyo iliyo juu, mahali asipotaka kwenda. Kwa sababu hiyo ninaposafiri kwa chombo chenye vyumba huliweka jaketi mkononi na kukaa karibu na mlango, ilhali katika mtumbwi wa wazi nalivaa kabla ya kusukuma. Kwetu wavuvi chombo ni cha wazi, na dhoruba zetu zina saa zake: usiku nchi kavu inayozunguka ziwa hupoa kuliko maji, upepo hutoka pande zote kuelekea katikati, hukutana juu ya maji yenye joto na kujenga mawingu ya radi, ambayo mara nyingi hupasuka kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ndiyo saa tuliyopo kazini. Utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa nausikiliza kila jioni kabla ya kutoa mashine, na jaketi si kisingizio cha kuupuuza. Mshika mashine wangu, tangu siku ile, hufunga pia ile kamba nyekundu ya kuzima injini kwenye mkono wake, kwa sababu jaketi halimsaidii mtu ambaye boti inamzunguka na panga linazunguka chini.

Kuhusu kudumu, baada ya miezi mitano zipu ya moja kati ya majaketi manne ya aina ya pili tunayovaa imeanza kukwama kwa magamba ya dagaa, na mikanda miwili imetafunwa na panya kambini kabla sijawaamuru wayatundike kwenye waya. Petroli inayovuja chini ya boti ni adui mwingine. Povu lililolowekwa humo hubadilika na nyuzi hulegea. Kulikalia ni kuliua polepole, kwani povu likibanwa kila siku hupungua unene na nguvu zake. Ninayapima kwa nondo kila mwisho wa giza, dakika kumi kwa yote.

Duka la Mwanza nililonunulia la pili lilinipa risiti na kuniruhusu kulivaa, kuinama na kunyanyua mikono kabla ya kulipa. Walichokosa ni vipimo vya watoto. Binti wa dada yangu huvuka nasi shule zinapofungwa, na mpaka juzi tulikuwa tunamfunga jaketi la mtu mzima kwa kamba ya ziada, tukiona tumemkinga. Majaketi ya watu wazima huanzia kilo 43, na chini ya hapo, mpaka 15, kuna ya watoto, yenye kola kubwa zaidi kwa kuwa kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Nilimning'iniza kwenye mizani ileile ya wakala wa sangara, akicheka na kuzunguka kama samaki, nayo ikasoma 38. Nimeagiza la kwake, na wameniambia litafika kabla ya likizo ya Juni.